Mlima Bila Kuni

"Kuni ziko wapi?" Shangazi Leticia aliuliza kwa mara ya tatu, mikono kiunoni, amesimama katikati ya ua kana kwamba ni wake. "Mmeondoka alfajiri na mapanga na kamba, wanawake watatu wazima na mtoto. Mmerudi na kamba zilezile. Wifi, mlikuwa wapi?"

Honorata alikaa kwenye kigoda, akizikunja kamba. Evaline, bintiye wa darasa la sita, alisimama mlangoni mashavu yakimwaka. Jibu alilijua.

Siku chache kabla, muuguzi wa zahanati alikuwa amempima Mama presha, akatikisa kichwa. "Unakaa gengeni kutwa nzima, Mama. Tafuta wenzako mpande mlima kila Jumamosi. Ukienda peke yako utaacha." Mama aliogopa, kwa kuwa mama yake mzazi alikufa kwa kiharusi. Akawashawishi majirani zake, Oliva na Zabibu, wapande pamoja mlima Matogoro.

Walikubali, lakini waliona haya. Pale mtaani kwao Msamala, mwanamke akienda mlimani kutafuta kuni au uyoga, hakuna anayegeuza shingo. Akienda kupanda tu, watamsema wiki nzima. Kwa hiyo wakabeba mapanga na kamba, na Shangazi alipouliza jana yake, Evaline ndiye aliyejibu, "Tunakwenda kuokota kuni."

Asubuhi hiyo mlinzi wa msitu alipoyaona mapanga hayo, aliwazuia njiani. "Huu ni msitu wa hifadhi. Mnakuja kukata nini?"

"Tunapanda mlima tu, kaka," alisema Zabibu.

"Kwa mapanga? Rudini."

Wakarudi, hata mwinuko wa kwanza hawajaugusa.

"Au mlikwenda kutembea tu?" Shangazi aliendelea. "Nasikia siku hizi Oliva anahubiri mazoezi. Mazoezi! Mtu mzima na kanga yake anapanda mlima mikono mitupu, kama mtalii!"

"Kuni zilikuwa mbichi," Mama alisema kwa sauti ndogo.

"Si kweli!" Evaline alifoka.

"Evaline!"

"Samahani, Mama, lakini si kweli. Shangazi, jana nilikudanganya. Tulikwenda kupanda mlima kwa sababu Mama anaumwa presha, na tumefukuzwa kwa sababu ya mapanga tuliyobeba ili watu wasitucheke! Baba na Baba mdogo Saimon wanacheza mpira kila Jumapili. Mbona wao hawaulizwi kuni?"

Shangazi alishika kifua. "Msikieni mtoto huyu! Wifi, ndivyo unavyomlea?"

Mama alisimama. Evaline alijiandaa kupigwa.

"Amekosea sauti, wifi. Maneno hajakosea," alisema Mama. "Mama yangu alibeba kuni kichwani mpaka wiki ile aliyoanguka, na presha yake hakuna aliyeipima. Mlikuja msibani, mkala, mkasema alikuwa mchapakazi. Mimi sitaki kusifiwa namna hiyo. Nataka kuishi."

"Na watu wakiniuliza?"

"Waambie Honorata amekwenda kupanda mlima."

Alilitupa panga stoo, akajaza chupa ya maji, akatoka hadi kwenye uzio. "Oliva! Zabibu! Vaeni raba, tunarudi!"

"Sasa hivi?" Oliva alichungulia. "Watu wote wameshaamka, watatuona!"

"Watuone. Na ukibeba panga nakuacha."

Walipita barabara kubwa mchana kweupe, mikono mitupu. Karibu na magenge, Hilda, fundi cherehani, aliinua macho. "Jamani, mnakwenda wapi bila hata kikapu?"

"Kupanda mlima!" Evaline alijibu kabla ya wote.

"Kufuata nini huko?"

"Pumzi," alisema Zabibu. "Wewe umekaa hapo tangu mvua za masika. Mgongo hauumi?"

Hilda aliwatazama kidogo, akafunika cherehani yake. "Unauma. Ningojeeni."

Mlinzi alikagua mikono yao, akawapisha.

Kwenye mwinuko wa kwanza Mama alisimama, jasho likimtiririka, akamshika Evaline bega. "Jana nilikuacha useme uongo kwa sababu nilikuwa naona aibu. Kosa langu lilikuwa kubwa kuliko lako. Kutunza afya yako si uvivu wala si uzururaji. Ni kazi kama nyingine. Jambo likiwa jema, litaje kwa jina lake na ulifanye watu wakiona. Ukilificha, wenzako wanaolihitaji watajuaje waje? Na siku nyingine ukiwa na hasira kwa mkubwa, punguza sauti. Ukweli hauhitaji kelele."

"Sawa, Mama."

"Haya. Oliva, acha kukaa kwenye jiwe, hatujafika popote." Mama akavuta pumzi, akatangulia kupanda.