Tone la Kitanda Kitupu

Sauti ya tone ilitoka upande usiokuwa na mgonjwa.

Nesi Bertha aliijua vizuri sauti hiyo. Alikuwa akifanya kazi na Daktari Idarusi, ambaye toka Pangani hadi Moa alisifiwa kwa kushona njia za mkojo zilizochanika. Mgonjwa akishashonwa huwekewa mpira, na mkojo hudondokea kwenye chupa iliyo chini ya kitanda: ndo, ndo, ndo. Tone likinyamaza, mpira umeziba. Kibofu hujaa, nyuzi hukatika. Ndiyo maana manesi wake walifundishwa kusikiliza hata wanapotazama kwingine.

Mchana ule mvua ya masika ilitia giza wodini. Bertha alikuwa akikunja shuka, sikio lake likiwa kwa Mwanasiti wa Mabawa, aliyechanika katika uzazi uliomuua mtoto. Tangu hapo mkojo ulimtoka wenyewe, hata mumewe akamhamishia kibanda cha uani. Alikwisha kushonwa mara mbili, kukafumuka. Daktari hakumficha: nyama iliyobaki ilitosha mara hii tu.

Ndo, ndo, ndo. Kisha Mwanasiti akaguna.

Bertha akainama. Chupa ilikuwa kavu. Mpira ulikuwa umepigwa fundo, limekazwa kama la kamba ya mbuzi. Na tone liliendelea kudondoka, taratibu, chini ya kitanda kitupu cha ukutani.

"Daktari," aliita kwa kunong'ona. "Njoo, tafadhali."

Idarusi alilifungua fundo kwa ncha za vidole. Mkojo ukatiririka. Akaminya tumbo la Mwanasiti polepole, akakagua shuka.

"Nyuzi zimeshika," alisema. "Safari hii."

"Na safari nyingine?" Bi Mastura, shangazi wa mgonjwa, alikuwa mlangoni na chungu cha uji. "Jini huyo amekaa mwilini mwa mwanangu tangu uzazi ule. Wewe uliona kidonda, yeye aliona nyumba. Umemfungia nje kwenye mvua."

"Mimi nashona tu, Bi Mastura."

"Na unashona vizuri. Ndiyo maana amekasirika."

Bertha, binti wa Kilutheri kutoka Lushoto, alitaka kucheka, asiweze. Idarusi naye hakubisha. Akamruhusu bibi afukize ubani. Moshi ulipotanda ikaja harufu ya mkojo wa kale, kali, ikapanda juu ya ubani wenyewe, na godoro la kitanda kitupu likabonyea katikati kama lililokaliwa na mtu mzito, kisha likainuka, na sakafuni zikatokea nyayo zenye maji, moja, ya pili, zikija kwa Mwanasiti ambaye macho yake yalikuwa wazi na mdomo umefumbwa, na ule mpira, hakuna aliyeugusa, ukaanza kujipinda.

"Wataka nini?" Bi Mastura aliuliza.

"Pa kukaa," sauti ilijibu kutoka chini ya kitanda, kwa upole kabisa. "Pana baridi."

"Kaa kwangu."

Kisha kitu kikanusa, kwa nguvu.

"Amenikataa," Bi Mastura alinong'ona. "Hata majini hawataki vizee."

Fundo lilikuwa likikaza. Idarusi alilishika, likamteleza, akalishika tena. Chini ya kiganja chake kibofu cha Mwanasiti kilikuwa kikipanda.

"Basi njoo kwangu," alisema Idarusi.

Mpira ukalegea. Nyayo zikakauka.

Mwanasiti alirudi Mabawa mkavu, akalala chumba cha mbele.

Wiki iliyofuata Idarusi alikuwa akimshona msichana wa Muheza, sindano ikiwa mahali ambapo mkono haupaswi kutikisika, alipohisi uvuguvugu ukimteremka mapajani hadi ndani ya viatu. Bertha aliona sakafu. Akamtazama usoni.

"Tusimame, Daktari?"

"Uzi," alisema Idarusi, akinyoosha mkono.

Akampa. Chini ya meza mtu alishusha pumzi ndefu, kama mgeni aliyefika kwake.