Kidonge cha Mdogo Wake

Wazazi wenzangu, nisikilizeni. Haya yametokea nyumbani kwangu.

Wanangu wawili walikuwa maseremala. Asubuhi walipiga randa uani wakitaniana, mimi nikianika nguo. Mwaka mmoja, wote wawili wakakutwa na saratani ya mapafu.

Uvimbe wa kila mmoja ukapimwa. Wa mdogo ulikuwa na kasoro ya vinasaba ambayo kuna kidonge kinachoilenga; akawa anameza kimoja kila asubuhi, anakwenda kazini. Wa mkubwa haukuwa nayo. Yeye alipangiwa dripu ya dawa kali za saratani, akawa anatapika, nywele zikapukutika.

"Mama, mtoto wa mwisho hanyimwi kitu," akaniambia.

"Baba, daktari alikueleza," nikamjibu. "Kidonge hicho hakikufai wewe."

"Ndivyo wanavyosema wakishaamua nani apone."

Mdogo ndiye aliyemshikia beseni na kumfuta mdomo. "Kaka, kwa kichwa hicho hata taa hatuwashi!" Zamani mkubwa angecheka. Sasa aligeukia ukutani. Kila mwenzake alipovuta pumzi bila kukohoa, yeye roho ilimuuma.

Akaanza kuiba vidonge vya mdogo wake na kuvimeza. Ndani ya chupa akatia vya vitamini, rangi ileile. Na kliniki ya dripu akaacha kwenda: anaaga, anashinda kituo cha basi, anarudi. Mnaona wivu unavyompa mtu bidii?

Mwezi wa pili mdogo akakohoa damu. Mkewe akamimina vidonge kiganjani. "Mama, hivi havina namba. Vya mwanzo vilikuwa na namba."

Mkubwa alikuwa mlangoni. "Ni mimi," akasema. "Nilitaka kuwa mzima kama yeye."

Wapi! Vidonge vile havikuwa na kazi kifuani mwake, na uvimbe, uliokosa dripu, ulikuwa umefika kwenye ini.

Mdogo alirudishiwa dawa, akapata nafuu polepole. Kabla hata miguu yake haijapata nguvu, alikuwa akimwogesha kaka yake. "Ungeniambia tu, kaka. Tungekwenda wote kwenye dripu."

Haikupita wiki, mkubwa akafariki, amevaa shati alilofungwa vifungo na mdogo wake.

Funzo

Dawa ya mwenzako imechaguliwa kwa ugonjwa wake, si kwa kupendwa kwake. Usiimeze, usimnyime, wala usiache yako. Nasi wazazi, mtoto akisema ana kinyongo, tukae naye siku hiyohiyo. Mimi nilisikia, nikadhani ni uchovu tu.