Uzi Mwekundu Chini ya Kola

Msumari wa lango la soko ulimchania seremala shati, naye akaingia kibanda cha kwanza alichokiona, mkono begani.

"Vua," fundi cherehani alimwambia bila kuinua macho.

"Hapa? Mbele za watu?"

"Basi simama kama nguzo. Nikikuchoma usilie."

Alimshonea mwilini papo hapo, akakata uzi kwa meno karibu kabisa na shingo yake. Seremala alinukia mbao mbichi. Mwaka haukuisha, wakaoana. Tangu hapo kila shati la mumewe alilitia mshono mmoja wa uzi mwekundu chini ya kola.

"Alama yako, laazizi. Wateja wangu wote ni uzi mweupe tu."

Mwaka wa nne mume alimtupia shati lililochakaa. "Fanya tambara, mke wangu." Kola ilikuwa bado nzima, na fundi hatupi kitu. Aliifumua, akaishonea kwenye shati la mwalimu jirani lililoliwa shingoni, akausahau ule uzi. Shati lililobaki likaenda karakana ya mumewe kufutia vanishi.

Mpaka rangi wa karakana, aliyewahi kumposa fundi akakataliwa, ndiye aliyeuona uzi shingoni mwa mwalimu. "Kaka, mkeo ana waume wangapi?" alinong'ona, huku akimwonyesha.

Seremala hakuuliza. Alikuja kibandani mchana, wateja wamejaa, akamwita mkewe malaya.

"Mume wangu, nisikilize, ile kola..."

"Kola imeshasema! Kwangu usirudi!"

Kina mama wakaja kuchukua vitambaa vyao, mmoja baada ya mwingine. Baba mzazi wa fundi akaapa kutosema naye tena, akazikwa na kiapo chake. Hilo fundi hakulisamehe.

Baada ya miezi minane simu ililia.

"Mpenzi, nimelishika tambara. Halina kola!" Seremala alikuwa analia.

"Umelishika miezi minane."

"Nitukane, nipige, ila nirudie. Nakuomba, mama."

Mfa maji haachi kutapatapa. Na ukweli usemwe, moyo wa fundi uliruka, maana bado alimpenda. Ila alimkumbuka baba yake.

"Livae. Pita soko zima, kila kibanda uwaambie kwa nini halina kola, na nani alikutia maneno. Kisha njoo."

Alikuja sauti imemkauka, shati limeganda vanishi, na wale wale waliomcheka fundi wakimfuata nyuma kwa vicheko. Mpaka rangi alikuwa ameshafunga virago.

"Simama kama nguzo," fundi alimwambia.

Seremala akatabasamu kama bwana harusi. Fundi alimshonea kola mpya shingoni, taratibu, pumzi yake ikimgusa sikio, akakata uzi kwa meno. Mume akaigeuza kola upesi ili aione alama yake.

Uzi ulikuwa mweupe.

"Mke wangu..."

"Mteja wangu," fundi alimsahihisha, akachungulia nyuma ya bega lake. "Haya, nani anafuata?"