Nendeni Mkalipose Jiwe

"Soma tena hapo. Soma kwa sauti, nikusikie."

"Mode, mbona unakuwa hivi?"

"Soma, Luhende! Makala ni yako, maisha ni yako, mdomo ni wako. Soma!"

Tulikuwa tumekaa juu ya jabali nyuma ya nyumba yetu, Pasiansi, Mwanza, ziwa liko kule chini, na mimi hasira zimenipanda mpaka masikio yanavuma. Mchumba wangu akaishika simu yangu, akakohoa, akasoma.

"'Luhende Shimba ni mrushaji wa timu ya taifa ya besiboli. Alijifunza kurusha mpira peke yake mjini Mwanza, akilenga jiwe kubwa lililokuwa karibu na uwanja wa shule, kwa kuwa hakuwa na mtu wa kumdakia.'"

"Hakuwa na nani?"

"Mtu wa kumdakia."

"Na hiki ni nini?"

Nikamwekea kidole cha pete cha mkono wa kushoto mbele ya pua yake. Kimepinda kama ndoano. Akageuza macho ziwani.

Ngoja niwaambie, maana nyie hamkuwepo. Besiboli, hata uwe na mkono wa namna gani, bila mtu wa kudaka upande wa pili wewe ni mtu anayetupa vitu tu. Upande wa pili nilikuwa mimi! Tangu tukiwa kidato cha pili, jioni baada ya jioni, mpaka tukawa watu wazima. Mwalimu wa kujitolea aliyetuletea mchezo ule aliondoka akatuachia mpira na glovu moja ya kudakia. Glovu akavaa nani? Akavaa yeye. Mimi nikadaka kwa mikono niliyoizungushia kitenge cha mama. Siku kidole kilipovunjika nilimwambia mama nimeteleza kwenye mawe. Na ni mimi niliyekuwa nampigia kelele, "Bega linafunguka mapema! Subiri! Sasa achia!" mpaka mkono wake ukanyooka. Alipoitwa timu ya taifa nililia kwa furaha kama mjinga.

Sasa mimi najitolea kwenye kamusi elezo ya Kiswahili, ile ya mtandaoni. Kwetu makala haipati nyota ya ubora mpaka mtu mwingine, siyo aliyeiandika, aipime. Je, kila dai lina chanzo? Haipendelei mtu? Imekamilika? Wiki ile kikundi chetu kikanipangia makala ya mrushaji wa besiboli. Hawakujua ni mchumba wangu, kwa sababu bwana mwenyewe alitaka tusitangaze mpaka wazee wake waje kuposa. Nilipaswa kujitoa palepale. Nikasema ngoja kwanza nisome, nifurahi kidogo. Nikafurahi kweli!

"Hizi habari za jiwe zimetoka wapi?"

"Walinihoji redioni. Nikasema tu."

"Ukasema tu."

"Mode, wachezaji wenzangu walikuwa mle mle studio. Ningesemaje kwamba nimefundishwa na msichana? Wangenicheka mpaka kesho. Na mzee wangu angesikia je?"

"Kwa hiyo ukaona bora jiwe."

"Ni maneno ya redioni tu, mpenzi. Ipitishe. Jumamosi wazee wanatoka kwetu Usagara kuja kuposa kwenu. Watu wakiikuta ina nyota watafurahi."

"Shuka kwenye jabali letu."

"Nini?"

"Nimesema shuka, kabla sijakusukuma!"

Akashuka. Nikaandika tathmini yangu palepale: makala haijakamilika, haifai nyota.

Kesho yake asubuhi simu ikaita. Alikuwa Precious, binti mpole aliyeiandika ile makala, mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha kazi.

"Shikamoo dada Modesta."

"Marahaba."

"Dada, nimeona umeikataa makala yangu. Nini kimekosekana?"

"Mdakaji."

"Mdakaji gani?"

"Huyo mrushaji alikuwa na mdakaji. Habari ya jiwe ni uongo mtupu."

"Haya, nabadilisha sasa hivi. Nipe chanzo."

Nikakitazama kidole changu.

"Dada? Umejuaje lakini?"

"Nilikuwepo!"

Akasema kwa adabu zote, "Dada, si wewe uliyetuambia kwamba 'nilikuwepo' siyo chanzo?"

Nilitamani kuitupa simu ziwani. Kilichoniuma ni kwamba mtoto wa watu alikuwa sahihi. Nikawaambia kikundi kwamba huyo mrushaji ni mtu wangu wa karibu, wampangie mwingine aipime. Na huyo mwingine angeipitisha, kwa nini asiipitishe? Jiwe lilikuwa na chanzo. Mimi nilikuwa na kidole. Nikakaa kitandani nikaliona lote: nitaolewa, nitazaa, na watoto wangu siku moja watasoma kwamba baba yao hakuwa na mtu. Hapana. Siolewi na mtu aliyenifuta.

Ijumaa akanitumia ujumbe: "Mode naomba yaishe. Nimechukua pete kwa sonara Natvarlal, ameipanua ili ipite kwenye kidole chako."

Nikamjibu: "Kidole changu kilifanya nini mpaka pete ipanuliwe?"

Akasoma.

Jumamosi mchana sebule yetu ikajaa. Upande mmoja baba yangu, mzee Pius, na ndugu zake. Upande wa pili mzee Shimba, baba yake Luhende, na wazee wa Usagara, na mshenga wao Antoni aliyevaa koti zito na joto lote lile. Mnajua inavyokuwa. Kijana anayeoa hafungui mdomo, mshenga ndiye anayesema. Mwishoni binti anaitwa, anaulizwa swali moja tu. Akisema anawafahamu wageni, basi, vigelegele vinapigwa na mambo ya mahari yanaanza.

Nikaitwa. Nikapiga magoti, nikaamkia wazee. Luhende alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Binti yangu," baba akasema, "wageni hawa umewaona. Unawafahamu?"

Mama alikuwa ameshaweka mkono mdomoni tayari kwa kigelegele.

"Siwafahamu."

Kigelegele kikamkwama mama kooni. Wazee wakaangaliana.

"Binti ana aibu huyu," Antoni akacheka kidogo. "Aulizwe tena."

"Sina aibu hata chembe! Baba, huyu kijana habari zake zimeandikwa, na amezitoa kwa mdomo wake mwenyewe, redioni. Kasema hakuwa na mtu wa kumdakia mpira. Kasema alikuwa na jiwe. Basi jiwe lenyewe bado lipo pale uwanjani, halijaolewa. Nendeni mkalipose jiwe."

"Modesta!" mama akafoka.

"Mama, hiki kidole sikuteleza popote. Ni mpira wake ulionivunja. Na kitenge chako cha njano ulichokitafuta mwezi mzima, nilikuwa nakifunga mikononi nikimdakia, kwa sababu glovu alikuwa amevaa yeye!"

"Mayu wane!" mama akamlilia mama yake kwa Kisukuma, akakaa chini.

Mzee Shimba akamgeukia mwanawe. "Luhende. Ni kweli?"

Antoni akasimama haraka, mkono juu. "Kijana hasemi hapa, wazee wangu. Mdomo wake ni mimi."

"Kaa, Antoni," Luhende akasema, akasimama yeye. Ndiyo mara ya kwanza nasikia sauti yake siku ile. "Mdomo wangu ndio ulioharibu. Acha urekebishe wenyewe."

Wazee wakaguna. Yeye akatoa simu, akapiga, akaweka sauti ya nje. Kilikuwa ni kipindi kilekile cha michezo cha Jumamosi, kile kilichomhoji.

"Haloo, upo hewani! Tunaongea na nani?"

"Luhende Shimba, mrushaji wa besiboli. Nataka kusahihisha. Siku ile niliwadanganya."

"Eee? Ulitudanganya nini tena, kaka?"

"Jiwe halikunifundisha kitu. Aliyekuwa ananidakia anaitwa Modesta Pius, wa Pasiansi. Nikikosea ni yeye aliyekuwa ananisahihisha. Glovu ilikuwa moja nikavaa mimi, na nikamvunja kidole. Niliona aibu kusema nimefundishwa na mwanamke."

"Duh! Na huyo Modesta yuko wapi leo?"

"Yuko mbele yangu. Kapiga magoti lakini ana hasira, na ana haki."

Akakata. Jasho lilikuwa linamchuruzika mpaka shingoni. Mzee Shimba akatikisa kichwa taratibu.

"Mimi kulima pamba nilifundishwa na mama yako," akamwambia mwanawe, "na Usagara nzima inajua. Hiyo aibu yako umeiokota wapi?"

Baba yangu akasafisha koo.

"Modesta, nakuuliza kwa mara ya mwisho. Unawafahamu?"

Nikamwangalia yule mwanaume. Nilikuwa bado natamani kumzaba kibao. Na nilikuwa bado nampenda, hilo nalo lilizidi kunikasirisha.

"Namfahamu mmoja, baba. Huyo aliyesimama. Wengine nitawafahamu taratibu."

Kigelegele cha mama kilitikisa mabati.

Jioni Precious akanitumia ujumbe: "Dada hongera! Kipindi kimeshawekwa mtandaoni, kwa hiyo chanzo ninacho. Jiwe nimelitoa. Jina lako nimeliweka juu kabisa, kwenye aya ya kwanza."

Msidhani hasira ziliisha kwa hayo. Jumapili baada ya misa nilimwambia Luhende tukutane kwenye uwanja wa shule, aje na mpira na ile glovu ya zamani. Mimi nikaja na kitenge kipya.

"Lete glovu," nikasema.

Akanipa. Nikavaa.

"Lete mikono."

Nikamzungushia kitenge, mkono wa kulia, mkono wa kushoto, nikakaza mafundo. Nikamwonyesha pa kusimama, mbele ya jiwe lake. Akachuchumaa bila kubisha. Nikarudi nyuma mpaka pale alipokuwa anasimama yeye miaka yote ile, nikalisubirisha bega, nikarusha kwa nguvu zangu zote.

Mpira ukampiga kwenye viganja, akapiga yowe, ukamtoka ukabingirika mpaka kwenye majani.

"Okota," nikamwambia.