Wageni wa Mlima Igongwe

Uwanja ulikuwa umefagiwa.

Kabula aliliona hilo kabla ya jambo lingine lolote, akasimama ghafla hata Callixte aliyekuwa nyuma akamgonga mgongoni. Moto wa kiangazi ulikuwa umepita mlima mzima, na tangu asubuhi walikuwa wakikanyaga majivu mpaka soksi zikawa nyeusi. Lakini pale juu, kwenye kiwanja kilichokuwa chini ya jabali kubwa, hapakuwa na jivu wala jani. Udongo ulikuwa mweupe, una michirizi ya fagio.

"Nani kafagia huku?" aliuliza Kabula.

"Labda warina asali."

"Warina asali hawafagii."

Huo ulikuwa mwaka 1992. Kabula alikuwa afisa wa misitu wilayani Mpanda. Vijijini walimwita bibi misitu, ingawa hata miaka thelathini alikuwa hajafikisha, binti wa Wasukuma waliohamia huku na ng'ombe wao. Callixte alikuwa mwalimu wa kwaya ya vijana kule Katumba, kwenye makazi ya watu waliokimbia kutoka Burundi. Kwaya yake ilitaka kupanda Mlima Igongwe, ilale huko na kuimba jua likichomoza. Ofisi haikukataa, ila ilitaka kwanza mtu akaone kama miti iliyoungua imeziba njia, kama chemchemi ina maji, kama nyati wamehama, na kama mabinti watapata pa kulala salama. Kabula ndiye aliyetumwa. Callixte aliomba kufuatana naye, kwa sababu lori lilikuwa limeshakubaliwa na vijana walikuwa wakihesabu siku. Aliyekuwa na hamu kupita wote ni Donatille, mdogo wake wa kike, mwimbaji wa sauti ya kwanza.

Mpaka hapo safari ilikuwa njema. Njia ilipitika, nyati hawakuonekana, na palipokuwa na gogo walilizunguka. Kilichobaki ni kiwanja na maji.

Callixte akanusa hewa, akatabasamu. "Kuna mtu anapika. Maharage na mawese. Yanapikwa vile vile alivyokuwa anapika mama, Mungu amrehemu."

Kabula alimtazama. "Maharage gani? Mimi nasikia harufu ya maziwa. Kibuyu kilichofukizwa, kama cha nyumbani kwetu."

Wakatazamana. Wote wawili walinusa tena, na kila mmoja akapata harufu yake.

"Basi kuna wenyeji," alisema Callixte, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kupenda utani, akapaza sauti, "Hodi hapa!"

"Karibuni."

Ilikuwa sauti ya mwanamke, ya karibu, kama ya mtu aliyeinama anapuliza moto. Ilitoka upande wa jabali. Walilizunguka lote. Hapakuwa na mtu wala pango. Walikuta tu makaa mekundu katikati ya mafiga, hayana chungu juu yake, na pembeni matandiko mawili ya nyasi mbichi, yamepangwa vizuri kama vitanda.

Callixte akacheka kicheko kifupi kisicho na furaha. Alikaa kwenye tandiko moja akavua kiatu, akakung'uta majivu.

"Inuka hapo," Kabula alisema kwa sauti ndogo.

"Nakung'uta kiatu tu."

"Nimesema inuka, Callixte. Twende tukaone maji, tuondoke."

Chemchemi ilikuwa bondeni kidogo, haiko mbali. Maji yalikuwepo, safi na ya baridi, lakini Kabula hakuyanywa na alimshika mwenzake mkono alipotaka kuyachota. Jambo moja lilikuwa likimsumbua na alishindwa kulisema: msitu mzima ulikuwa umeungua, hakuna mahali popote walipoona nyasi mbichi.

Waliporudi kiwanjani kuchukua mikoba waliyokuwa wameiacha, matandiko hayakuwa mawili tena.

Kiwanja chote kilikuwa kimejaa. Vitanda vya nyasi vilikuwa vimepangwa kwa safu zilizopinda kama mwezi mwandamo, vimegawanyika mafungu manne, na mbele kabisa pameachwa nafasi ya mtu mmoja. Callixte alivitazama kimoja kimoja.

"Hii ni kwaya yangu," alinong'ona. "Sauti ya kwanza kule kushoto. Ya pili. Ya tatu. Besi kule nyuma. Ndivyo ninavyowasimamisha kanisani. Na hapa mbele..." Nafasi ya mbele ilikuwa na tandiko ambalo nyasi zake zilikuwa zimebonyea. Ni lile alilokuwa amelikalia.

Kabula aliinama akashika nyasi za kitanda kilichokuwa karibu. Zilikuwa za moto, kama godoro ambalo mtu ameliacha sasa hivi.

Hawakuchukua mikoba. Walishika njia, mwanzoni wakitembea kwa adabu kama watu wasiotaka kuonekana wanakimbia, na walipofika kwenye mteremko wa kwanza ile sauti ikasema nyuma yao, bila hasira, "Mnaondoka kabla ya kula?" na Callixte aliisikia kwa Kirundi, Kirundi kile kile cha mama yake, na Kabula aliisikia kwa Kisukuma, na hakuna aliyemwambia mwenzake, walikaza mwendo tu, na nyuma yao zikaanza nyayo, nyepesi, za mtu aliye pekupeku, zikienda wakienda na kusimama wakisimama, hata Kabula aliposhindwa kuvumilia akageuka, akaona njia tupu, nayo ina nyayo zao wenyewe za kupanda na za kushuka na si nyingine, ila majivu yalikuwa yakitimka kidogo kidogo, hatua kwa hatua, yakija.

"Usigeuke," alimwambia Callixte. "Anatusindikiza."

"Mpaka wapi?"

Kabula alizidi kushuka.

Chini ya mlima, ng'ambo ya kijito, kulikuwa na boma la Manyanda, baba mdogo wake Kabula, ambako walikuwa wameacha baiskeli zao. Manyanda alikuwa mfugaji, na kwa watu wa sehemu zile alikuwa pia mganga, ingawa mwenyewe hakupenda kuitwa hivyo. Jua lilikuwa linazama. Walimkuta amepiga magoti anakata kwato ya ndama, redio ndogo inakoroma kando yake. Kabula hajamaliza hata kumwamkia kwa Kisukuma, "Mwadila, baba," ng'ombe wote zizini walisimama kwa pamoja, wakageuza vichwa kutazama njia ya mlimani. Redio ikanyamaza.

Manyanda aliweka kisu chini. "Mmemwacha nani njiani?"

Kabula akamweleza, upesi upesi, sauti imekauka. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia Callixte.

"Nani alipiga hodi?"

"Mimi, baba."

"Ulikula?"

"Hapana."

"Ulikaa?"

Callixte aliinamisha kichwa. "Nilikaa kidogo."

"Basi wewe ni mgeni wake. Umepokelewa, umetandikiwa, umeondoka bila kuaga. Na wale vijana wako anawajua. Amekuja kuulizia wageni wake."

"Mimi ni Mkristo, baba," alisema Callixte. "Mambo haya siyajui. Naweza kuomba."

"Omba, mwanangu, sijakukataza. Lakini hodi ulipiga wewe, mimi sikupiga. Mimi naweza kumsimamisha hapo mlangoni. Kumkatalia ni kazi yako, maana neno alilipokea kwako." Alichukua kigae, akaweka kaa la moto na mizizi fulani juu yake. Moshi mchungu ulipanda. Akamimina maziwa kwenye ardhi, kutoka nguzo moja ya lango la boma mpaka nyingine. "Nisikilize vizuri. Atakuuliza. Wewe jibu: hawaji. Basi. Na wewe usimwulize swali hata moja. Ukimwuliza, mmeanza mazungumzo upya."

Wakangoja. Ndama alikuwa akitetemeka mikononi mwa Kabula. Nje ya lango, penye vumbi la njia, hapakuwa na kitu cha kuona, lakini zile nyayo zilikuja mpaka kwenye mstari wa maziwa zikasimama, na harufu ya mawese ikamjaa Callixte puani mpaka machozi yakamtoka, kwa sababu ilikuwa harufu ya jiko la mama yake kabla hajafa, jioni, watoto wamekaa wanangoja.

"Mwana wanje," sauti ikasema. Mwanangu. "Wageni wangu wanakuja lini?"

Manyanda alimgusa bega.

"Hawaji," alisema Callixte.

"Nimewatandikia."

"Hawaji. Hakuna hata mmoja anayekuja."

Moshi wa kigae uliinama kuelekea nje, ukanyooka tena. Kisha sauti ikauliza, polepole, kama mtu anayetaka kuhakikisha, "Hata yule mdogo?"

Callixte alishtuka. Katika kwaya hapakuwa na mtoto. Alikuwa amechoka, ana hofu, na neno likamponyoka.

"Mdogo yupi?"

Manyanda alimziba mdomo kwa kiganja, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Wote watatu walisikiliza. Hapakuwa na jibu, wala nyayo za kurudi. Harufu ilikatika. Redio ikaanza kukoroma, na ng'ombe wakalala mmoja mmoja.

"Nilikwambia usimwulize," alisema Manyanda.

"Mbona hakujibu?"

"Ndiyo maana sifurahi."

Kesho yake asubuhi Callixte na Kabula walirudi Katumba, na Callixte akawaambia vijana kwamba safari imevunjika. Aliwaeleza moto, miti, maji mabaya, uongo wa kila aina. Walinung'unika, kisha wakatawanyika. Donatille peke yake ndiye aliyebaki kwenye benchi, amekasirika.

"Maji mabaya? Bibi misitu mwenyewe kasema maji ni mazuri. Nimeongea naye njiani, anaogopa hata kunitazama. Kuna nini mlimani, kaka?"

Basi akamweleza yote. Donatille alisikiliza akikunja uso, nusu anaamini nusu anacheka, mpaka Callixte alipofika kwenye lile swali la mwisho. Hapo uso wa Donatille ukabadilika.

"Kasemaje?"

"Kasema, hata yule mdogo."

"Nani kamwambia?" Sauti yake ilikuwa ndogo sana. Aliteremsha mkono taratibu, akauweka chini ya kitovu, juu ya kitenge. "Sijamwambia mtu yeyote. Hata Egide, baba yake huyu, sijamwambia. Hata mimi mwenyewe nimejua juzi tu."

Callixte hakumgombeza. Wala hakuuliza Egide alikuwa na mpango gani. Alisimama, akachukua baiskeli, akaiendesha njia yote ya kurudi mlimani kwa nguvu za mtu anayekimbilia gari moshi, akiwa amelishika kinywani neno moja alilopaswa kulisema, asije akalisahau: hata huyo haji, hata huyo haji.

Alifika mchana umepungua. Alimkuta Manyanda amekaa juu ya gogo nje ya zizi. Zizi lilikuwa tupu.

Callixte alitupa baiskeli chini, akapita mbio mpaka kwenye kijito. Akaweka mikono mdomoni. "Hata mdogo haji!" alipaza sauti. "Unasikia, mama? Hata mdogo! Haji!"

Alipaza tena, na tena, mpaka sauti ya mwalimu wa kwaya ikapasuka. Kutoka juu kabisa, usawa wa jabali, ikaja sauti moja tu, hafifu: kengele ya ng'ombe.

Manyanda alikuwa amemfuata. "Acha," alisema. "Unajichosha."

"Lazima anisikie, baba!"

"Tazama kule." Alinyoosha fimbo. Juu penye kiwanja, vidoa vyeupe na vyekundu vilikuwa vikitembea kwa raha. "Nimejenga hapa tangu Kabula anasoma shule ya msingi. Ng'ombe wangu hawajawahi kuvuka kijito hiki, hata kwa kuchapwa, hata mwaka wa njaa. Leo asubuhi nimefungua zizi, wamepanda wenyewe. Wengine wamelala pale pale juu, wanacheua. Unamwambia nani, mwanangu? Pale hapana mtu."

Callixte alimgeukia. "Kaenda wapi?"

Manyanda alirudi pale baiskeli ilipolala, akaiinua, akafuta vumbi la usukani kwa kiganja. Akaigeuza, gurudumu la mbele likaelekea Katumba, akamkabidhi.