Mlango wa Chiniot

Ilianza kwa jambo dogo. Eman, mwenye miaka mitano, alimega chapati yake akaweka kipande sakafuni, nyuma ya kiti.

"Cha nani hicho?" mama yake, Shagufta, akauliza.

"Cha bibi aliyetoka kwenye kompyuta."

Shagufta akacheka. Kila alasiri, hapo kwao Lahore, alizunguka dunia kwa ile ramani ya kompyuta inayosimamisha milima na majengo hata ukayaona pande zote. Juzi alikuwa amefika mji wa Chiniot, kwenye nyumba ya marehemu babu yake, iliyofungwa miaka ishirini. Kuna mtu aliipiga picha hadi ndani, basi Shagufta akapita mlango wa nakshi na kuzurura vyumbani, Eman akiwa mapajani.

Mama mkwe wake, Bibi Naseem, hakucheka. "Ulitoa salamu mlangoni?"

"Niisalimu picha, Amma? Si nitaitwa kichaa!"

"Nyumba tupu ina wenyewe, binti. Sisi hatuvuki kizingiti chake bila salamu tatu. Wewe umeingia kama mwizi, tena na mtoto!"

Kesho yake chumba kikanuka chokaa mbichi na mavi ya popo. Kisha zikasikika ndara za mbao, ko, ko, mchana kweupe, zikitoka mezani penye kompyuta, zikapita jikoni, zikarudi hadi kitandani kwa Eman, zikasimama hapo, na mtoto akaanza kuungua homa, akikataa hata maji, akinong'ona na mtu wasiyemwona. Shagufta alijuta mpaka akakosa machozi.

Maulvi, shehe wa mtaani, akaitwa. Alisoma, akapuliza, akatikisa kichwa. "Bibi huyo arudishwe njia ile ile. Fika mlangoni kwake, toa salamu tatu, omba radhi. Ataingia kwake."

Shagufta akafungua ramani. Dunia ikazunguka, Chiniot ikapanda, kichochoro kikaja. Pale ilipokuwa nyumba palikuwa na kiwanja kitupu na rundo la matofali. Pembeni yaliandikwa maneno madogo: picha mpya, mwezi huu.

"Mlango uko wapi?" Bibi Naseem akanong'ona.

Shagufta akatoa salamu hivyo hivyo, mara tatu, akilia. Ndara zikasogea hadi mezani. Zikatulia kidogo, kama mtu anayetazama. Kisha zikarudi kitandani, polepole.

Eman akafumbua macho.

"Mama, bibi analia. Anasema wamembomolea," akasema. "Anasema basi, atakaa ndani yangu."