Namba 1003

Tak. Kimya. Tak. Halafu tak ya tatu, kavu, kama kifuniko cha sufuria kinachopoa.

Nakunda alikuwa macho gizani. Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri, na sauti ile ilitoka ndani ya kabati la jikoni, kama kila alfajiri kwa miezi minne sasa. Tangu waanue tanga la Mbazi, mumewe.

Kabatini mlikuwa na ghala-kumbu, mashine ndogo iliyotunza mafaili yote ya nyumba. Katika mji mpya wa Same kila nyumba ilikuwa nalo, pamoja na kiamsho: roboti ya jikoni iliyochemsha chai, ikafungua mapazia, ikaamsha watu kwa sauti ya mtu wanayempenda. Mbazi alikuwa amerekodi alfajiri mia tatu kwenye folda yake, kila moja na hesabu ya kumwamsha mtoto. Ghala lilitumia Linux, kiamsho kilitumia Windows. Mashine mbili za koo tofauti, zilizokubaliana kutumia folda za pamoja. Sasa kiamsho kilichemsha chai bila neno, na Namsifu, binti yao wa miaka mitano, hakuwa akiamka tena mpaka abebwe.

Nakunda hakuwahi kulifungua kabati. Aliogopa. Lakini jana ujumbe wa mji ulifika: folda moja haina mwenyewe, mfagizi wa mtandao, programu ya kusafisha, ataifuta kesho saa sita mchana. Hiyo kesho ndiyo leo.

Akawasha taa, akafungua.

Mambo ya mtandao aliyasoma shule ya jioni, Namsifu akiwa mgongoni. Mwalimu alikuwa akiwaambia: anza na waya, kisha ita, kisha uliza jina. Waya ulikuwa sawa. Akaliita ghala akiwa kwenye kiamsho, likaitika. Folda ya picha za harusi ikafunguka vizuri tu. Ya Mbazi peke yake ndiyo ilikataa. Basi si mtandao, ni ruhusa. Akasoma kumbukumbu za ghala.

*Mbazi anabisha. Mbazi hajulikani.*

Mara tatu, kila alfajiri, miezi minne. Ile tak ilikuwa diski ikiamka kumkatalia.

Akauliza folda ni ya nani. Mahali pa jina palikuwa na namba tupu: 1003.

Akampigia Kiangi, mdogo wake Mbazi, fundi wa mtandao wa mji.

"Shem, hata jogoo bado! Mimi nimekukosea nini?"

"Kiangi, nani alifuta jina la kaka yako kwenye ghala?"

"Mimi. Siku ile tunaanua tanga. Nyie mnagawa nguo, mimi nimepewa koti lake. Nikaona na jina lake lisibaki linahangaika humo ndani. Nilidhani nafanya vizuri, shem."

"Ulipataje moyo wa kubonyeza?"

"Nilifumba macho, shem."

"Jina umeondoa, mafaili yamebaki na namba. Linux haiandiki jina kwenye faili, shemeji. Inaandika namba. Jina ni kibao tu cha mlangoni. Na wewe ndiye unajiita fundi!"

"Mimi nafunga waya. Msomi wa jioni ni wewe." Alijaribu kucheka, ikamshinda. "Basi tumrudishe?"

"Mji haupokei jina la marehemu."

"Sasa?"

Nakunda alitazama mlango wa chumba cha mtoto. "Namba yake tumpe Namsifu."

Akamsikia Kiangi akivuta pumzi ndefu. "Ni damu yake. Mpe."

Akamsajili Namsifu kwa namba 1003. Papo hapo folda ikavaa jina la mtoto. Akamwekea neno la siri pia kwenye mlango wa pamoja, ule ambao Windows hupitia kuingia ghalani, kwa sababu una daftari lake la majina, haufuati la ghala. Akakizima kiamsho, akakiwasha.

Tak.

*Mbazi anabisha. Mbazi hajulikani.*

Nakunda akakaa chini sakafuni. Kisha akaelewa. Windows ilikuwa imehifadhi jina la zamani na neno lake la siri, na ingeendelea kupiga hodi nalo hadi mwisho wa dunia. Alfajiri zote hizo, humu ndani kulikuwa na kitu kimoja ambacho hakuna aliyekiambia kwamba Mbazi amekufa.

Akafungua orodha ya majina yaliyohifadhiwa. Mstari mmoja: Mbazi. Pembeni yake: Futa.

Kidole kilikaa pale muda mrefu. Alimkaripia Kiangi kwa kitu hiki hiki.

"Pumzika, baba Namsifu," alisema, akabonyeza.

Akaandika jina la mtoto na neno lake la siri. Akasubiri.

Safari hii hapakuwa na tak. Diski ilizunguka polepole, kama mtu anayejigeuza kitandani. Mkono wa kiamsho ukavuta pazia. Milima ya Upare ilikuwa imeanza kuonekana. Kikasikika kikohozi kidogo, kile kile, kisha sauti:

"Haya, haya, watu wa nyumba hii! Chai imeiva. Namsifu, mtoto wa baba, leo nihesabu mpaka ngapi?"

Nakunda aliziba mdomo kwa khanga. Vishindo vya miguu midogo vikaja mbio. Mtoto akasimama mlangoni, nywele nusu zimefumuka, akakitazama kiamsho, akamtazama mama yake, kisha akasema kwa sauti:

"Nimeshaamka, baba."